Mti wa Mto Chini ya Mfereji

Mama Obonyo amefariki. Mjukuu wake alinipigia simu nikiwa nimekaa jikoni hapa Kabazi nachambua maharagwe, akaongea haraka kama mtu aliyepewa majina mengi ya kuarifu na mimi ni wa mwisho. Alisema nyanya yake alikuwa ameagiza, "Mwambieni na Mama Petro." Nilimshukuru, nikaweka simu juu ya meza, nikaendelea na kazi mpaka nikaona kwamba nilikuwa natupa maharagwe mazuri na kubakiza mabovu. Sikwenda mazishini. Watoto wangu walidhani ni magoti, nami nikawaacha wadhani hivyo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika haya kidogo kidogo, mistari mitano asubuhi, mitatu jioni, kwa maana mimi huandika polepole tangu nikiwa msichana. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na mwalimu wetu wa misheni alichapa vidole vya mtu aliyekimbiza kalamu. Nataka kueleza mwaka mmoja niliokaa jirani na mama huyo, Nakuru, mwaka wa 1955, na kitu nilichomfanyia.

Laini yetu, yaani safu za vyumba vya wafanyakazi, ilikuwa chini ya kiwanda cha mbao, upande ambao mji unateremka kuelekea ziwani. Vyumba vilijengwa kwa mabanzi, yale maganda ya magogo ambayo kiwanda hakikuweza kuyauza, na kati ya banzi na banzi palibaki ufa. Kupitia nyufa hizo nilijua jirani amepika nini, amenuna kwa sababu gani, na mtoto wake anakohoa kikohozi cha aina gani. Wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe la ziwa, likaingia kwenye unga na kwenye matandiko, na chai yetu ikawa na ladha ya chumvi. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, sanduku la mume wangu Zakayo, na meza moja ambayo mguu wake ulikuwa mfupi. Nilikuwa na miaka kumi na minane na mimba ya kwanza, na nilikuwa naogopa watu. Kwenda kuchota maji kwenye mfereji, lile bomba moja la laini nzima, nilisubiri mpaka wanawake wengine watoke, ndipo nitoke na debe langu kama mwizi. Mama Obonyo, ambaye chumba chake kilipakana na chetu, aliniona hivyo siku mbili, na siku ya tatu akanisimamisha njiani. Alikuwa mwanamke mpana mwenye pengo la meno ya chini, na mumewe alifanya zamu ya usiku akichochea moto wa boila ya kiwanda. "Mke wa Zakayo," akasema, "hayo maji ndiyo yanakuogopa ama ni wewe unayaogopa?" Nilitazama chini. Akachukua debe langu, akalijaza, akanitwika kichwani. Tangu siku hiyo nilikuwa nangoja nisikie mlango wake ukifunguka, ndipo nifungue wangu.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka nyumbani mwezi wa pili ili awepo nikijifungua. Kwetu mama hawezi kulala chini ya paa moja na mwanawe na mke wake, hata kama paa hilo ni la kampuni na hakuna lingine. Zakayo alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nzima bila kupata jibu. Mama Obonyo, ambaye si wa kabila letu ila ana mwiko huohuo, alilimaliza akiwa anaanika nguo. "Mzee atalala kwangu," alisema, kwa maana ndivyo alivyomwita mama mkwe. "Bwana yangu usiku yuko na moto wake, kitanda kinalala peke yake." Basi mama mkwe alilala kwa Mama Obonyo miezi tisa. Walikula pamoja dagaa waliokaangwa kwa nyanya, na mboga ya mrenda ambao mama mkwe aliupika kwa magadi mpaka ukavutika kama uzi. Nilikuwa nawasikia kupitia ufa wakicheka mambo ya waume zao, nami nilikaa kitandani upande wangu nikitabasamu gizani bila kuwa na ujasiri wa kwenda kukaa nao.

Petro alizaliwa mwezi wa tatu, mchana, watu wakiwa kazini. Mama Obonyo ndiye aliyekata kitovu kwa wembe mpya, na ndiye aliyeweka kondo la nyuma ndani ya beseni la enameli na kulikabidhi kwa mama mkwe. "Mama huyu amepiga kelele kuliko king'ora cha kiwanda," aliwaambia waliokuja kuona mtoto. "Kumbe sauti alikuwa nayo, alikuwa anaiwekea Petro." Kwetu kondo huzikwa na nyanya ya mtoto nyuma ya nyumba, kwenye mgomba, na hapo panakuwa pake. Lakini nyuma ya nyumba yetu palikuwa na nyumba nyingine, na nyuma ya hiyo nyingine. Ardhi yote ya laini ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu. Mahali pekee penye udongo laini palikuwa chini ya mfereji, ambapo maji yaliyomwagika yalikusanyika. Vibarua walikuwa wametupa hapo vumbi la mbao ili kukausha matope, na vumbi hilo likanywa maji likayashika, pakawa tope jeusi ambalo halikukauka hata kiangazi. Mama mkwe alikwenda huko alfajiri kesho yake na chungu kidogo, akakizika ukingoni mwa tope hilo. Aliyemwona ni Mama Obonyo peke yake, kwa sababu walitoka nyumba moja na ndiye aliyemshikia jembe.

Juu yake mama mkwe alipanda mti. Mbegu alikuwa amezifunga kwenye pindo la leso yake tangu nyumbani. Ni kichaka kinachoota chenyewe kando ya mito ya kwetu, chenye majani membamba yaliyopangana kama kitana na maua ya njano yenye madoa ya zambarau, na kila kabila lina jina lake. Kwenye laini tulikiita mti wa mto. Alizimwagia mbegu maji moto kikombeni, akaziacha zilale humo, na zile zilizovimba ndizo alizozipanda, tatu kwenye shimo moja. Alinionyesha namna ya kuinua kijituta cha udongo kimo cha kiganja ili mche uwe na miguu ndani ya maji na shingo nje. "Ukiwa mdogo usiuzamishe," alisema. "Ukishapita goti, hata mafuriko yaje, utasimama." Ilikuwa kweli. Mwezi wa tano, mvua zilipojaa na lile tope likawa dimbwi, shina lilitoa mizizi mipya juu ya maji, myeupe na laini kama sponji, ikaelea. Mpaka leo, pale chini ya tangi langu hapa Kabazi, mahali ambapo mahindi yalikuwa yanaoza kila mwaka, ninayo miti hiyo, na watu huja kuniomba mbegu na kuniuliza siri. Ninawaambia habari ya maji moto na kijituta. Ninawaambia pia wasikate chini, kwa maana mti huu ukikatwa kiunoni huchipua, lakini ukikatwa karibu na ardhi hufa. Jambo hilo la mwisho nilifundishwa na mama mkwe mwaka ule, na lingekuwa la kutosha kama ningeliacha peke yake.

Mwezi wa nane mti ulikuwa umemzidi mtu urefu. Jioni majani yake yalijikunja, na mama mkwe alimwinua Petro kwenye kivuli chake na kumwambia kwa lugha yetu kwamba ndugu yake anaenda kulala. Mama Obonyo alilalamika kwa mdomo tu. "Mzee, mti wako umekalia jiwe langu la kufulia. Nguo za Obonyo sasa zinatoka na maua." Mama mkwe akamjibu kwamba maua ni bora kuliko masizi ya boila. Wanawake wakacheka, na mimi nilicheka nao. Nilikuwa nimeanza kuja mfereji watu wakiwepo.

Mwezi wa kumi ndipo akaja yule tuliyemwita Bwana Afya, Mzungu mwembamba mwenye soksi ndefu, pamoja na karani wake. Alisimama ukingoni mwa tope, akachovya kijiti, akatazama viluwiluwi vya mbu, akasema maneno machache. Karani akatafsiri: maji yatachimbiwa mtaro, na kichaka kitakatwa mpaka ardhini baada ya wiki mbili, maana mbu hupumzika humo. Mama mkwe hakulia wala hakubishana. Jioni alikuja akaketi kwenye kizingiti chetu, akaniambia nichukue kalamu. "Mwandikie kwa heshima," alisema. "Mwambie sikatai mtaro. Sikatai panga. Namwomba wakate kiunoni, wasikate chini. Wakikata kiunoni mbu hawatakuwa na pa kukaa na mti hautakufa. Basi."

Niliandika kwanza kwenye daftari langu, halafu nikanakili kwenye karatasi safi. Ilinichukua jioni mbili. Niliiandika barua hiyo kama alivyosema, na ilipokwisha niliona ni fupi na haina sababu. Mwalimu wa misheni alikuwa ametufundisha kwamba mtu anayeomba lazima aseme sababu yake yote, asimfiche mkubwa kitu. Nilifikiri: mtu huyu hajui. Akijua, atafanya nini ila kuhurumia? Kwetu hata adui, akiambiwa mahali kondo la mtoto lilipozikwa, huzunguka njia. Sikujua mtu yeyote duniani ambaye angefanya vingine. Nikaongeza mstari mmoja daftarini, na kwenye karatasi pia: *Kwa sababu chini ya mti huu limezikwa kondo la nyuma la mtoto wangu wa kwanza Petro.* Nikamsomea mama mkwe barua, na nilipofika kwenye mstari huo niliuruka. Nilijiambia kwamba naona haya kulitaja jambo hilo mbele yake. Zakayo aliipeleka barua kwa karani.

Hawakungoja wiki mbili. Walikuja siku ya nne, Bwana Afya na karani na vibarua wawili waliofunga vitambaa puani, wakiwa na sururu, gunia la chokaa na kopo la mafuta ya taa. Wanawake walisimama kwenye milango. Mama mkwe alikwenda kumwonyesha kibarua kiuno chake mwenyewe kwa mkono, hapa, kata hapa, na kibarua akatazama pembeni. Hawakukata. Waliung'oa mti mzima, wakachimba, na chini walipata kile chungu. Mizizi ilikuwa imekizunguka na kuingia ndani, hata walipokivuta kilikuja pamoja na shina, na kibarua alilazimika kukipiga kwa sururu ili kiachane. Karani akasema, kama mtu anayeomba radhi, "Wakubwa wanasema kitu kama hiki hakiwezi kuzikwa karibu na maji ya kunywa." Mama mkwe akamwuliza, "Nani amesema kuna kitu?" Karani akatazama karatasi mkononi mwake, akaikunja. "Sisi tumeambiwa tu, mama." Wakamwaga mafuta wakawasha moto, wakatandaza chokaa. Mimi nilisimama na Petro mgongoni. Nilikuwa na sauti siku ile, ila nilikuwa nimeiweka mahali nisipoweza kuifikia.

Aliyejua nje ya nyumba yetu ni mtu mmoja tu. Mama mkwe alihesabu hivyo, na kila mtu akahesabu hivyo. Jioni ile alikiondoa kifurushi chake nyumbani kwa Mama Obonyo akakihamishia kwenye kibanda chetu cha kupikia, kilichokuwa na kuta tatu. Mvua ndogo zilikuwa zimeanza. Mama Obonyo alimfuata mpaka mlangoni pa kibanda. "Mzee, unadhani mimi ndiye?" Mama mkwe akapuliza moto. "Basi lala na moshi," Mama Obonyo akasema, akarudi kwake. Kuanzia kesho yake wanawake waliacha kumtwika Mama Obonyo debe. Hakuna aliyemtukana. Alipomaliza kujaza debe, kila mmoja alikuwa na nguo ya kukamua au mtoto wa kufuta pua. Alilipandisha debe gotini peke yake, halafu kifuani, halafu kichwani, na nusu ya maji yalimwagika. Mimi nilikuwa nimerudia desturi yangu ya kungoja mfereji uwe hauna watu. Nilimtazama kupitia ufa.

Wiki tatu zilipita hivyo. Mama mkwe alianza kukohoa. Halafu Petro akashikwa na homa, na siku moja mchana, nikiwa ninamkanda mtoto kwa kitambaa, nilisikia mama mkwe na Zakayo wakizungumza kibandani. "Jumapili Mama Obonyo ataitwa mbele ya wanawake wote," mama mkwe alisema. "Atakunywa maji ya shimo lile akiwa amemshika mtoto. Kama hakusema, maji hayatamfanya kitu." Zakayo alishusha sauti. "Mama, hicho ni kiapo." "Ndiyo ni kiapo." "Mwaka huu wa hali ya hatari, na vita vya msituni, neno hilo halitamkwi; Serikali inafunga watu kwa hilo. Wakisikia kuna watu wanalishana kiapo kwenye laini, hawataniuliza ni cha mti ama cha nini. Askari watatuchukua sisi sote, na huyo mama kwanza." Mama mkwe akakohoa kwa muda mrefu. "Basi na tuchukuliwe," akasema. "Mtoto anaungua."

Zakayo alirudi kazini. Nilikaa na mtoto mapajani mpaka king'ora cha alasiri. Nilifikiri kuandika. Hilo ndilo nililofikiri kwanza, na mpaka leo linanichoma: kwamba nichukue karatasi nimwandikie mama mkwe barua, mwanamke asiyejua hata herufi moja. Mwishowe nilichukua daftari lenye nakala ya kwanza, nikaenda kibandani, nikapiga magoti karibu na mafiga. Alikuwa anakoroga uji wa wimbi. Nilifungua ukurasa nikaanza kusoma, polepole, kidole kikifuata, na safari hii sikuruka kitu.

Aliacha kukoroga. "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Siku ile ulinisomea hivyo?"

"Hapana, Mama."

"Basi ulijua."

Sikuwa nimelijua hilo mpaka aliposema. Miaka yote hii nimejieleza kwa wengine, na hata kwa nafsi yangu, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilidhani Mzungu ana huruma ya kwetu. Ni kweli nilidhani hivyo. Lakini mtu asiyejua kwamba amekosea haruki mstari. Mama mkwe alilipima jambo lile kwa maneno mawili, na mimi kwa elimu yangu ya misheni sijawahi kulipima vizuri zaidi. Nilimwambia nitakwenda kwa Mama Obonyo sasa hivi. Alitikisa kichwa, akaendelea na uji mpaka ukaiva, akamimina kikombe kimoja akanipa. "Kunywa, unanyonyesha," alisema. "Mimi Jumatatu narudi nyumbani. Wewe unabaki na hawa watu."

Sikuelewa alichomaanisha mpaka Jumapili asubuhi. Wanawake walikuwa wamekusanyika mfereji kama alivyowaita, na homa ya Petro ilikuwa imeshuka usiku kwa dawa ya dispensari. Mama Obonyo alikuwa ametangulia, amesimama na debe lake mbele yao wote, bila kumtazama mtu. Mama mkwe alisimama ukingoni mwa ile chokaa. Alisema kwamba hakuna maji yatakayonywewa. Alisema barua iliyowaleta wale watu na sururu ilikuwa yake yeye, kwamba ndiye aliyetaka Bwana Afya aambiwe kilichozikwa, akidhani atapata huruma, na kwamba mke wa mwanawe aliandika alichoambiwa. Kisha akasema, "Nimemkosea mama huyu aliyenilaza kitandani mwake," na akakohoa kwenye leso.

Nilikuwa nyuma na Petro. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Niliona kwamba nikisema, namfanya mama mkwe kuwa mwongo mbele ya watu siku moja kabla hajaondoka, na nikinyamaza nakula kitu kisicho changu. Nikiwa bado napima, nafasi ilipita.

Mama Obonyo alimtazama mama mkwe kwa muda. "Wewe mzee," akasema, "kuandika hujui, na kudanganya pia hujui." Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu naye alinyosha mikono kushika debe ili amtwike, akionyesha kwamba yamekwisha. Mama Obonyo hakumpa. Alilibeba kwa mkono, maji yakiruka kwenye miguu yake, akapita mbele ya mama mkwe na mbele ya wote, akaja akaliweka chini mbele yangu. Akazungusha kitambaa chake kuwa kata, akakiweka kichwani.

"Nitwike," alisema.

Nilimpa mama mkwe mtoto. Nikashika debe upande mmoja na yeye akashika upande mwingine, tukaliinua. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka. Maji yalitumwagikia mikononi sisi wawili. Lilipokaa juu ya kata yeye aliachilia mikono yake, lakini mimi niliendelea kushika, nikiogopa litaanguka.

"Acha sasa, Mama Petro," akasema. "Limekaa."